Mtani Aliyezibwa

"Vua! Vua kanga ya watu! Mzee mzima huna haya?"

"Nikivua nitabaki na nini, Stumai? Kama ulikuwa unataka kuniona ungesema siku nyingi, si mpaka msibani."

"Mwendawazimu wewe! Mwili wa Bi Kidawa uko humo ndani, haujaoshwa, na wewe unakata mauno koridoni!"

"Ndiyo nataka asikie! We Kidawa! Mchoyo mkubwa! Miaka thelathini nakuomba mchuzi wa nazi, unaniambia nazi zimechacha. Haya, umekufa. Nazi umemwachia nani? Amka unipe bakuli langu!"

Ilikuwa Jumatano asubuhi, ghorofa ya sita, Jengo la Kumi na Moja, huku juu vilimani tulikohamia maji yalipozichukua nyumba za bondeni. Stumai ni jirani yangu wa mlango kwa mlango, na ukitaka habari ya mtu yeyote humu, ukinikosa mimi mtafute yeye. Huyo mwingine ni Nkwabi, Msukuma wa chumba cha mwisho, fundi mstaafu. Alikuwa amejifunga kanga ya marehemu kiunoni na nyingine kichwani, anatembea bega la kushoto limeshuka, vilevile alivyotembea Bi Kidawa tangu alipovunjika mguu. Watu walijaa koridoni. Wengine wamekunja nyuso, wengine wameziba midomo kwa mitandio, na mabega yanacheza.

Kibao kilichoning'inia shingoni mwangu kilikuwa kinatetemeka. Maneno ya Stumai yalipita yamepakwa njano. Ya Nkwabi yalikuja mekundu, moja baada ya jingine. Chini ya kila neno jekundu kibao kiliuliza swali lake lilelile: *Ziba? Acha?* Mara sita kiliuliza, mara sita nikaacha.

"Na nyie Wazaramo mmekwisha," Nkwabi akaendelea, sasa amewageukia watu. "Mwenye akili ndiyo huyo mnakwenda kumfukia. Mmebaki na nani? Mmebaki na Chiku! Na Chiku mwenyewe kazi yake ni kunata kwenye milango ya watu kama—"

Nikabonyeza.

Kama hujawahi kuona mtu akizibwa, Mungu akuepushe. Mdomo wake uliendelea kwenda. Mikono ikaendelea kurusha kanga. Lakini masikioni mwetu palibaki ule mngurumo tu, uu, uu, uu, wa mapafu. Alisema kama maneno kumi hivi kabla hajagundua. Kisha akagusa kipuli chake, akanitazama mimi, akatazama kibao. Akaifungua kanga ya Bi Kidawa, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akamkabidhi Stumai kwa mikono miwili.

"Afadhali!" Stumai akasema. "Siku saba akae hivyohivyo."

Nikaandika sababu kwenye kibao, kama inavyotakiwa: *Kanuni ya pili. Kumtukana marehemu.*

*

Niseme kidogo kuhusu mapafu, maana bila hayo utaniona mchawi.

Kila ghorofa ina pafu lake, mashine kubwa kama lori. Linavuta hewa upande huu, linakamua unyevu, linatoa maji ya kunywa upande ule. Hakuna mto unaotufikia huku. Tunakunywa hewa. Lakini pafu linanguruma usiku na mchana, na koridoni mtu akisimama hatua moja mbele yako akapiga ukunga, utaona meno tu. Ndiyo maana kila mtu ana kipuli sikioni. Unaongea, kipuli kinachukua sauti, kinaipitisha Kibarazani, na Kibaraza kinaigawa kwa wote walio karibu au kwa jengo zima, upendavyo. Nyumba mia nne na kumi na mbili, baraza moja. Salamu, matangazo ya misiba, ugomvi wa kamba za nguo, nani kampikia nani pilau isiyo na nyama, vyote humo.

Na kabla sauti haijagawiwa, inapita kwenye Chekeche. Chekeche lina akili ya kupaka rangi, halina akili ya kuamua. Wa kuamua ni mtu, na kwa miaka miwili mtu huyo nilikuwa mimi. Walinichagua kwa vigelegele. Walisema, Chiku anajua ya kila mtu, nani atamdanganya? Nami nilifurahi, nisifiche. Mimi ni mtu ambaye jamvi langu likikosa wageni watano naona nyumba ina ugonjwa.

Mwaka wa kwanza nililegeza. Kila nilichoulizwa niliacha. Watu wakafurahi, Kibaraza kikachangamka kama harusi. Ndipo likaja la Tunu.

Tunu alikuwa binti wa ghorofa ya pili, mpole, anaishi peke yake. Tangi la ghorofa yake likawa linapungua maji kila asubuhi, mtu mmoja akasema kwa mzaha kwamba Tunu anakunywa gizani. Wakambandika jina, Tunu Mfereji. Akipita koridoni watu wanaiga mlio wa maji. Chekeche lilipaka njano, likapaka nyekundu, likaniuliza, nami nikaacha, maana wenyewe walisema, "Tunamtania tu, Chiku, usituharibie." Siku moja nikatia na langu. Nikasema, "Mwacheni, amefuga ngamia ndani." Jengo zima lilicheka. Nilisikia raha ile, ya kuchekwa na nyumba mia nne, nikairudia kesho yake.

Mwezi wa nne Tunu akahama. Wiki mbili baadaye fundi akakuta bomba limepasuka nyuma ya ukuta.

Tangu hapo nikaapa: kanuni ni kanuni. Nikawa mkali. Watu wakaninunia kidogo, wakazoea. Na nilipombonyeza Nkwabi nilijiambia ninalinda heshima ya maiti. Nilijiambia vizuri kabisa, kwa maneno yaliyonyooka.

*

Bi Kidawa alizikwa alasiri hiyohiyo. Sisi wanawake tulibaki. Nilisimama barazani kwangu juu, nikaona wanaume wanapanda kilima na jeneza, na mbele kabisa Nkwabi ana jembe begani, peke yake hana sauti. Wengine niliwasikia wakipokezana dhikri. Yeye niliona mdomo tu.

Aliporudi alikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini. Akapita mlangoni kwangu. Nilimpa pole kwa kipuli, maana aliyezibwa husikia kila kitu, asichoweza ni kusikika. Akanyanyua kiganja kunijibu. Kilikuwa kimechubuka, ngozi imefunuka.

Hapo niliingia ndani nikafunga mlango, na siku hiyo jamvi langu halikukaliwa na mtu.

Sababu nilikuwa naijua mila hiyo ya utani msibani. Nisikudanganye. Sikuzaliwa kwenye kipuli. Mimi Mzaramo wa Maneromango. Bibi yangu alipokufa nilikuwa na miaka tisa, na mtani wetu mmoja, Msukuma, alijitupa kaburini akalala chali, akakunja mikono kifuani, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, na kwamba bibi atafute pa kwenda kwa sababu hapa pameshajaa. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilicheka, na katikati ya kicheko machozi yakaja, nikalia kilio ambacho tangu asubuhi kilikuwa kimegoma kutoka. Mama alinifuta uso akasema, "Ndiyo kazi ya mtani hiyo, mwanangu. Sisi hatuwezi kujifungua wenyewe."

Nilijua. Na bado nilibonyeza.

*

Tanga la Bi Kidawa lilipangwa kuanuliwa Ijumaa, siku ya tatu, baada ya swala. Asubuhi Stumai akaniingilia bila hodi, kama kawaida yake.

"Chiku, makubwa. Mzee Kondo hali."

"Hali nini?"

"Hali chochote! Tangu juzi ana kikombe kimoja cha chai, kimeota utando. Yuko palepale mkekani, halii, hasemi. Tumempelekea uji, ameuangalia kama anaangalia ukuta. Na anasema tanga halianuliwi leo."

"Kwa nini?"

Stumai ni mtu wa maneno elfu, lakini hapo alitazama kibao changu, akajifanya anapanga ushungi.

Nikaenda hadi kwa Mzee Kondo, mume wa marehemu. Nilimkuta ameegemea ukuta, mzee wa miaka sabini na kitu, mashavu yameingia ndani kwa siku tatu kama yamevutwa na pafu. Ndani mlango ukifungwa, ukimsogelea mtu mnaweza kusikilizana bila kipuli. Nikakaa mkekani, nikasogea.

"Shikamoo, Mzee Kondo."

"Marahaba, mwanangu."

"Watu wanasema huli."

"Nitakula tanga likianuliwa."

"Si leo, mzee?"

"Wa kulianua yuko wapi? Ninyi mmefiwa, mimi nimefiwa, tutaanuaje wenyewe kwa wenyewe? Mtani wangu hana sauti."

"Mzee, kanuni ya pili..."

"Naijua. Niliipigia kura."

"Nikimfungulia yeye kwa sababu ya utani, kesho kila mwenye mdomo mchafu atasema anatania. Nami nitamzuia vipi? Unamkumbuka Tunu? Wote walisema wanamtania."

"Namkumbuka sana. Mtoto mzuri yule." Akavuta pumzi. "Hebu niambie. Siku Tunu anahama, nani alimbebea godoro?"

Nikaanza kukunja ukingo wa mkeka.

"Nakuuliza kweli, Chiku, mimi nilikuwa hospitali. Wale watani wake, waliomtania miezi minne. Nani alimbebea?"

"Alibeba mwenyewe."

"Basi." Akaugusa mkeka kwa kidole. "Nkwabi alimwita mke wangu mchoyo miaka thelathini. Kidawa alipovunjika mguu, nani alimpandisha ngazi ghorofa sita? Nkwabi, mgongoni, na njia nzima anamwambia mzito kama gunia la mbaazi. Juzi amemchimbia. Nimeona mikono yake. Mimi mtu akinitukana namtazama mikono. Ya wale wa Tunu ilikuwa wapi?"

Nitakwambia yangu ilikuwa wapi. Ilikuwa barazani juu, imeshika kikombe cha chai ya tangawizi. Nilimwona Tunu amejitwisha godoro, linamwangukia usoni, analisukuma, linamwangukia tena. Niliangalia mpaka akapotea kwenye kona. Kisha nikamwita Stumai nikamhadithia.

*

Mlango wa kutokea ulikuwepo, lakini mwembamba. Kanuni ya kumi na mbili: aliyezibwa aweza kufunguliwa kabla ya muda wake, ikiwa mshika chekeche atasimama Kibarazani, mbele ya jengo zima, aseme kwa mdomo wake nini kilisemwa, kwa nini aliziba, na kwa nini anafungua. Tangu nishike kile kibao sikuwahi kuitumia.

Nikakaa kitandani nikatunga. Nilitunga vizuri. *Ndugu zangu, mimi mtoto wa mjini, mila hii sikuijua. Niliona marehemu anatukanwa, nikaziba kwa nia njema. Sasa nimeelimishwa na Mzee Kondo, naomba radhi.* Nikaisoma mara mbili. Ingepita. Wangesema, maskini Chiku, atajuaje. Pengine wangenipongeza.

Kisha nikaifungua kumbukumbu ya Jumatano, sijui kwa nini, labda kidole tu. Chekeche huweka kila kitu na dakika yake, na yeyote jengoni anaruhusiwa kusoma, ila nani ana muda? Nikajiona pale. "Mchoyo mkubwa": nimeacha. "Umekufa, nazi umemwachia nani": nimeacha. "Amka": nimeacha. Sita nzima, za marehemu, nimeacha zote. Ya saba ilikuwa na jina langu.

Nikaangalia huo mstari kwa muda. Kanuni ya pili haikuwamo hata kidogo.

*

Baada ya swala watu walijaa koridoni nje ya kwa Mzee Kondo, mikeka imetandikwa hadi kwenye ngazi, masufuria ya wali yamefunikwa. Nkwabi alikuwa amechuchumaa pembeni anaosha sinia, kwa vile aliyezibwa kazi ya mikono hakatazwi. Nikasimama. Nikageuza kipuli changu kwenda jengo zima. Nyumba mia nne na kumi na mbili.

"Ndugu zangu, mimi Chiku. Natumia kanuni ya kumi na mbili."

Minong'ono ikakatika.

"Kilichosemwa Jumatano ni hiki. 'We Kidawa, mchoyo mkubwa.'" Kibao kikatetemeka kifuani. Maneno yangu mwenyewe, mekundu. *Ziba? Acha?* Mtu akacheka, akajizuia. "'Umekufa, nazi umemwachia nani.'" Kikatetemeka tena. Niliyasema yote sita, kila moja likinigonga mbavuni. "Hayo niliyaacha. Angalieni kumbukumbu. La saba alisema nanata kwenye milango ya watu. Hapo ndipo nilipoziba. Niliandika nimeziba kwa ajili ya marehemu. Nilimsingizia marehemu."

Nkwabi akaacha kusugua sinia.

"Mila naijua. Nimezaliwa nayo. Sikukosea kwa kutojua." Nikakishika kibao kwa mikono miwili. "Na lingine halimo kwenye kanuni. Ngamia wa Tunu nilimtunga mimi. Wengine wenu mlikuwa mnacheka tu. Mimi nilikuwa na kibao."

Stumai alikuwa mbele yangu, mdomo wazi.

"Nafungua kwa sababu tanga linamsubiri mtani. Nani ni mtani na nani ni mtukanaji, sijui niwaandikie kanuni gani. Mzee Kondo anasema tutazame mikono. Chekeche halina macho. Jumamosi kaeni mchague mtu mwingine, mzungumze naye hilo."

Nikabonyeza.

Nkwabi alibaki amechuchumaa, sinia mkononi, maji yanachuruzika. Hakusimama. Akakohoa, tukasikia kikohozi, na kwa sauti iliyokauka kwa siku tatu akamalizia pale nilipomkata:

"—kama mjusi."

Sijui nani alianza. Nadhani ni Stumai. Kicheko kilipasuka ngazini, kikapanda ghorofa, kikarudi. Nkwabi akainuka, akaipokea kanga ya Bi Kidawa mikononi mwa Stumai, akajifunga, akashusha bega la kushoto, akaingia hadi mkekani kwa Mzee Kondo.

"Na wewe mzee, umekonda hivyo unamfuata nani? Kidawa amekukimbia! Miaka arobaini unakoroma, mwanamke amechoka, ameona heri akalale na udongo! Nimemchimbia mimi, nimempanulia pazuri, pa mtu mmoja. Usijisumbue kwenda, hamtaenea!"

Mzee Kondo alicheka. Kilikuwa kicheko kibovu, kama bomba lenye hewa. Alicheka mpaka akainama, na alipoinama mabega yakabadilika, na hicho tulichosikia baadaye hakikuwa kicheko tena. Nkwabi akakaa chini akamkumbatia kichwa, na huku anamkumbatia anaendelea kumtukana polepole sikioni.

Nikaona njia ni nyeupe kwenda ngazini. Nikaanza kujipenyeza kati ya mikeka, natazama miguu ya watu nisione nyuso. Nilifika ngazi ya tatu.

"We mjusi!"

Kibao kikatetemeka. Nyekundu. *Ziba? Acha?*

"Unakwenda wapi, mwizi wa sauti za watu? Unakwenda kunata kwa nani, na wote tuko hapa?"

Nyekundu, nyekundu. Nikageuka. Nkwabi alikuwa amesimama mlangoni na kanga ya marehemu, kiganja kimefungwa kitambaa, sinia la wali wa nazi limekaa juu ya mkono mwingine. Nyuma yake Mzee Kondo, uso umelowa, alikuwa anasogeza miguu mkekani kuacha nafasi.

Nikarudi hadi mlangoni, nikakivua kibao shingoni, nikakilaza kati ya ndala za watu. Kiliendelea kutetemeka pale chini, kinauliza. Nikabaki nimesimama, mikono sijui niiweke wapi.

Nkwabi aliitazama hiyo mikono. Akaisukuma birika ya maji kwa mguu mpaka ikanifikia.

"Haya, nawa," akasema. "Nawa hiyohiyo, uingie ule."